Naombeni ushauri: STI yenye kilomita chache, niipashe moto dakika ngapi kabla ya safari ya Dar?

MtotoWaIsevya
Wakuu habari za jioni. Nipo Tabora mjini, Isevya. Nina Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, gia sita za mkono, kilomita 41,000 tu kwenye dashibodi. Kabla sijaichukua ilikaa muda mrefu uani kwa mtu, kwa hiyo haijatembea sana.

Swali langu: asubuhi niiache iungurume dakika ngapi kabla ya kuondoka? Mimi naiwasha nusu saa nzima ikiwa sailensi (imesimama, sikanyagi mafuta) mpaka mshale wa joto ufike katikati, na hata siku ambayo sina pa kwenda naiwasha tu ipate moto halafu naizima. Kuna jamaa kaniambia naua injini. Mwingine anasema injini ya tabo lazima ipate moto vya kutosha. Halafu kuna hili la kuizoesha injini: gari iliyokaa hivi inatakiwa iendeshwe taratibu kama mpya, au niikanyage kidogo ifunguke?

Ijumaa alfajiri nina safari ya Dar, watu wanne na mizigo. Oili ni mpya, cheni ya taimingi fundi kaiangalia kasema haina shida. Naomba wanaojua, sina raha kabisa.

TairiMoja
Uza hiyo kitu mkuu, chukua IST, ulale usingizi. Spea za STI kwa Tabora utazisubiri mpaka maembe yaive.

Kisandu_77
Nusu saa ni nyingi mno. Injini ya EFI (inayopuliziwa petroli kwa kompyuta) ikiwashwa baridi, kompyuta inaongeza petroli ili isizime. Ile ziada haiungui yote. Inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili iliyokuwa pale, mwisho inaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili iwe nyepesi. Na ikiwa sailensi injini inachukua muda mrefu sana kupata moto, kwa hiyo unairefusha ile hali mbaya badala ya kuifupisha.

Washa, funga mkanda wako, subiri ule mlio wa juu wa kuwashia ushuke. Kwa hali ya hewa ya Tabora dakika moja inatosha. Ondoka taratibu, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) isizidi 3,000, na usiiamshe tabo. Ule mshale wa dashibodi unapima maji, haupimi oili. Maji yanawahi, oili inachelewa, inataka dakika 10 hadi 15 za mwendo. Mshale ukifika katikati bado hujaruhusiwa kukanyaga. BMW kwenye M3 ya toleo la E46 waliweka taa za rangi ya chungwa kwenye geji ya rpm, zinazima moja moja kadiri oili inavyopata moto, ili dereva ajue mwisho wake uko wapi. Kwenye Subaru inabidi uhesabu mwenyewe.

Na ukifika unakokwenda, kilomita mbili tatu za mwisho nenda pole. Tabo iliyotoka kukimbia ukiizima ghafla, oili iliyobaki kwenye beringi zake inaungua inageuka masizi.

Sasa na mimi nikuulize. Injini ya 2004 yenye kilomita 41,000 ilishazoea siku nyingi. Kwa nini unauliza habari za kuizoesha? Inatoa moshi? Ni oili gani iliyomo?

Mama Zawadi
Wanangu, barabara ya Nzega tumezika vijana wengi. Mbuzi wanavuka, ng'ombe wanavuka, watoto wa shule wanavuka. Gari la mbio lina raha gani hapa kwetu? Nenda polepole mwanangu, ufike kwa watu wako.

MtotoWaIsevya
Shikamoo mama. Sikimbizi, ndiyo maana nimekuja kuuliza.
Kisandu, ubarikiwe mkuu. Moshi upo kidogo asubuhi, wa bluu kwa mbali, ikipata moto unapungua. Oili fundi kaweka sintetiki 5W-30, ile ya bei. Kuhusu kuizoesha nilisoma tu mahali nikaona niulize.

Mzee Tumbaku
Umenikumbusha mbali kijana. Mimi nimeendesha Land Rover za serikali zikitoka mpya, na baadaye malori ya tumbaku Urambo. Gari jipya ulikuwa hupewi tu ukaondoka nalo. Unaambiwa kabisa: usipite maili 40 kwa saa, usibebe mzigo mzito, oili ya kwanza imwagwe mapema. Waingereza kwao walikuwa wanabandika kibao nyuma ya gari kuwaomba wengine wapite. Na ile oili ya kwanza ukiikinga kwenye beseni juani, unaiona inametameta vumbi la chuma. Nilikuwa na utingo mmoja, huyo alikuwa haamini kitu asichokiona. Siku nilipomwonyesha lile beseni alikaa kimya mpaka tunafika Kaliua. Lori lile tulilitunza, likabeba marobota ya tumbaku misimu mingi bila kufunguliwa kichwa. Vijana wa sasa gari linatoka gereji asubuhi, mchana liko Shinyanga.

Kisandu_77
Shikamoo mzee, huo ndio ukweli.
Mleta uzi, hujanijibu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Imefunguliwa injini hii au haijafunguliwa?

MtotoWaIsevya
Kufunguliwa kwa maana gani mkuu? Fundi aliigusa baadhi ya vitu, ila gari ina nguvu na haigongi. Mimi nilitaka kujua dakika za kupasha moto tu.

Kisandu_77
Ringi za pistoni zimebadilishwa? Ndiyo au hapana.

MtotoWaIsevya
Ndiyo.

Sikutaka kusema kwa sababu najua humu mtu akisikia injini ya Subaru imefunguliwa anakwambia uza. Niliinunua ikiwa na mlio. Aliyeniuzia aliiwasha baada ya kukaa muda mrefu, oili ilikuwa imeshuka chini ya kijiti, beringi za mikono ya pistoni zikaanza kugonga. Bei ilikuwa nzuri nikaona nitengeneze. Fundi wa hapa hapa mjini kaweka ringi mpya, beringi mpya na gasketi, kranki ilipelekwa kuchongwa. Imerudi wiki hii. Haijatembea zaidi ya mjini, Ng'ambo, Cheyo na kurudi.

Fundi ni mtu mzoefu, Noah na Hiace za hapa mjini nyingi zinapita kwake. Na safari siwezi kuigusa. Mdogo wangu anaoa Jumamosi, kamati imeshaandika gari la bwana harusi ni hilo, mashuka ya maua yameshashonwa kwa vipimo vyake. Ndiyo maana nikauliza kupasha moto. Nikijua kuipasha vizuri, itafika.

Kisandu_77
Hapo sasa tunaongea. Swali lako la kwanza lilikuwa dogo, hili ndilo kubwa, na jibu lake lina haraka.

Ringi mpya hazikai zenyewe. Kuta za silinda zikishasuguliwa zinabaki na mikwaruzo ya kukatizana, unaiona kabisa kwa tochi. Ringi inatakiwa isukumwe kwenye ile mikwaruzo mpaka zilingane. Kinachoisukuma ni gesi ya mlipuko, inapita nyuma ya ringi na kuibana ukutani. Gesi hiyo inakuwa na nguvu pale injini inapovuta mzigo. Ikiwa sailensi hakuna mzigo, ringi imelegea, oili inapita, inaungua juu ya ukuta na kuufunika kwa utando laini kama kioo. Ukuta ukishakuwa kioo ringi hazitakaa tena, gari litakula oili hivyo hivyo mpaka ulifungue upya. Ile nusu saa yako ya kila asubuhi kwenye injini hii ndiyo inatengeneza utando huo. Acha kuanzia kesho.

Kitabu cha Subaru kinasema kilomita 1,600 za kwanza usipite rpm 4,000, usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, usikanyage ghafla, usifunge breki kwa nguvu. Watu wanasoma hiyo 4,000 wanaruka hiyo ya mwendo mmoja, na hiyo ndiyo itakayokuumiza Ijumaa. Tabora hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, sehemu kubwa utakuwa gia ya sita mguu umetulia, watu wanne na mizigo, jua la Manyoni juu ya boneti.

Mimi ningefanya hivi. Mwaga hiyo sintetiki, weka oili ya madini 10W-30 na filta mpya. Asubuhi shika barabara ya Nzega, lami imenyooka na magari machache. Ukishapata moto, gia ya tatu au ya nne, toka rpm 2,000 kanyaga nusu mpaka 3,500, halafu achia mguu kabisa gari lijivute lenyewe mpaka lirudi chini. Ukiachia, ule mvuto unasafisha ringi. Rudia, badilisha gia, pumzika vijijini. Ukirudi mwaga oili tena uikague kama mzee alivyosema. Kisha endelea na safari fupi zenye milima na mabonde mpaka 1,600 zitimie.

Na jambo moja: STI ina kipozeo cha oili. Beringi zikishalika, vipande vinajificha humo. Fundi alikibadilisha?

GiaYaTano
Mimi nasimamia tofauti kidogo. Wajenzi wengi wa injini wanasema kilomita za mwanzo kabisa ndizo zinazoamua, ukibembeleza sana ringi hazikai. Kwa hiyo kanyaga, ila kwa vipindi vifupi. Halafu mtu asisahau petroli. STI ya Japani imepangwa kwa oktani 100, ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukiilazimisha tabo injini ikiwa na joto inagonga ndani, na pistoni za injini hizi za Subaru, EJ, zinavunjika pale kati ya ringi na ringi.

Kisandu_77
Hatupingani. Mzigo ndiyo, mizunguko mikubwa hapana.

MtotoWaIsevya
Nimekuelewa Kisandu na nashukuru kutoka moyoni. Ila kwa nini nisifanye hayo hayo njiani? Naweza kubadilisha mwendo, nikapumzika Itigi, Manyoni, Dodoma, oili nikamwaga Dodoma. Kilomita ni kilomita. Kipozeo sina uhakika, nadhani alikiosha.

Kijana wa Puge
Wakuu mnapoteza muda. Hii ni chai, stori ya kutunga.

Kwanza, anasema cheni ya taimingi imeangaliwa. STI ya 2004 ina injini ya EJ20, na EJ20 inatumia mkanda wa mpira kuzungusha kamshafti zinazofungua valvu. Haijawahi kuwa na cheni. Mtu analala na STI uani hajui hilo? Pili, kilomita 41,000 halafu injini imefunguliwa, na hilo halikuwepo mpaka alipobanwa. Kila akiulizwa linatoka jipya. Nionavyo mimi huyu ni dalali, anaiandalia gari historia nzuri, wiki ijayo mtaona tangazo: "STI safi, injini mpya, imezoeshwa kitaalamu".

TairiMoja
Tupia picha. Bila picha uzi ufungwe.

DadaWaKiloleni
Nami nilianza kushangaa pale kwenye mashuka ya maua. Nani anashona mashuka ya gari kwa vipimo?

Mama Zawadi
Mashuka yanashonwa mwanangu, mimi mwenyewe ni fundi cherehani na nimeshashona. Msimhukumu mtoto wa watu.

MtotoWaIsevya
Siuzi gari. Picha siweki kwa sababu namba yake inajulikana mjini na aliyeniuzia yumo humu humu. Cheni ni neno la fundi, nimeandika alivyoniambia. Mimi si fundi, ndiyo maana nauliza.

Kisandu_77
Picha si lazima. Swali moja tu, bila kwenda kutafuta mtandaoni: filta ya oili ya gari lako iko wapi?

MtotoWaIsevya
Chini kabisa ya injini, katikati ya mabomba ya ekzosi. Nilimsaidia fundi kuifungua gari ikiwa bado na moto, mkono wa kulia una alama hadi leo. Ukiilegeza oili inamwagikia bomba, ukiwasha inatoa moshi na harufu mpaka iungue yote. Intakula, kile kipoza hewa ya tabo, iko juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Tairi zilizokuja nayo ubavuni zimeandikwa 2311, nikaambiwa ni wiki ya 23 mwaka 2011, nikazing'oa zote nikaweka mpya. Kama kuna kingine uliza.

Kisandu_77
Gari lipo. Hayo hayasomwi, yanaunguza.

Kijana wa Puge
Sawa, kwenye gari nimekubali. Lakini sasa nina wasiwasi mkubwa kuliko mwanzo. Kama si wewe uliyetunga cheni, basi aliyeisema ni mtu aliyeshika injini yako kwa mikono yake. Huwezi kufungua EJ20 bila kuuvua mkanda. Labda ni mazoea ya mdomo tu, mafundi wengi wanaita kila taimingi cheni. Ila muulize: mkanda aliorudisha ni mpya au ni ule ule?

Gari ni la 2004. Mkanda unahesabiwa kwa kilomita na kwa miaka pia. Kilomita 41,000 haziufanyi mpira uwe kijana, umekaa kwenye joto la uani miaka yote hiyo. Tairi umezikataa kwa sababu ya miaka, mkanda nao ni mpira. Na EJ20 ya tabo mkanda ukikatika pistoni zinakutana na valvu. Hapo ringi mpya, beringi mpya, kranki ya kuchonga, vyote umefanya bure.

GiaYaTano
Point kubwa hiyo. Tumebishana oili wakati kitu cha kusimamisha gari Nyahua porini hatukukigusa.

MtotoWaIsevya
Fundi simu hapokei. Ila vifaa vya zamani alinirudishia kwenye boksi, liko kwenye buti. Naenda kuangalia.

MtotoWaIsevya
Nimemwaga boksi lote barazani. Kuna ringi za zamani, gasketi, sili za valvu, beringi zilizolika mpaka rangi ya shaba imetokea upande mmoja. Mkanda haumo. Nimeangalia na risiti: ringi, beringi, gasketi, oili, filta. Mkanda haumo. Kipozeo cha oili nacho hakimo.

Nimelegeza boliti za kifuniko cha plastiki upande mmoja nikamulika. Maandishi ya mkanda yamefutika yote. Nikiukunja kidogo kwa kidole naona mistari midogo midogo ya kupasuka mgongoni.

Kijana wa Puge
Usiiwashe tena.

Mama Zawadi
Mungu mkubwa. Mwanangu Ijumaa mpeleke mdogo wako kwa basi, maua yafungwe kwenye gari la huko huko Dar.

MtotoWaIsevya
Mama nakuelewa, lakini kamati si mimi peke yangu, na mdogo wangu ameshawaambia marafiki zake. Nimeongea na jamaa yangu yuko Dar, kesho asubuhi anaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kuutafuta mkanda, ataupakia kwenye basi. Ukifika mapema bado nina siku ya kuufunga na kwenda Nzega na kurudi. Nikiona iko vizuri naondoka. Nimeshaweka hela nyingi hapa, siwezi kuiacha uani siku ya harusi ya mdogo wangu wa damu.

Kisandu_77
Kuondoka Ijumaa sikukubalii na sitabadilisha neno. Safari moja ya Nzega haimalizi kazi ya ringi, na kipozeo kilichobaki na vyuma kitazipelekea beringi mpya kila dakika ya safari. Mwambie mdogo wako ukweli leo, akiwa bado na muda wa kupata gari lingine. Kama ni kaka yake kweli atakuelewa.

Kwa huyo jamaa wa Gerezani: asinunue mkanda peke yake. Achukue seti kamili, yaani mkanda, tenshena ya kuukaza, roli zake zote, na pampu ya maji kwa sababu inazungushwa na mkanda huo huo. Na aulize kipozeo cha oili. Cha mtumba asichukue, hajui kimetoka kwenye injini gani.

MtotoWaIsevya
Nimemtumia ujumbe wako kama ulivyo. Mdogo wangu nampigia usiku huu. Nikipata vifaa, fundi ni yule yule au nitafute mwingine?

Kijana wa Puge
Yule yule anaweza, lakini usiondoke pale. Mkanda wa EJ20 unapita kwenye kamshafti nne na kranki, alama zote tano lazima zilingane kwa pamoja. Kamshafti za upande wa kushoto zinabanwa na springi, ukiziachia zinaruka zenyewe, asiweke kidole katikati. Nipo Puge, siku ukiufunga nitumie ujumbe nije na tochi, hunilipi kitu.

Kisandu_77
Na akimaliza, kabla ya kugusa ufunguo, plagi zote ziwe nje, azungushe kranki kwa mkono na spana mizunguko miwili kamili, kisha akague alama upya. Ikigoma mahali popote asilazimishe, avue aanze tena.